Muhula Mama Alipocheza Baleti

Harufu ninayoikumbuka ni ya nta nyekundu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kila Ijumaa mlinzi wa ukumbi wa mtaa wetu, pale Mowlem, aliisugua sakafu kwa nta hiyo akitumia gunia kuukuu, na Jumamosi saa saba mchana mlango ulipofunguliwa, harufu ilitoka kutulaki kabla ya mtu yeyote. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kila shughuli. Humo watu walifanyia mikutano ya matanga, harusi za wasio na uwezo wa kukodi hema, chanjo za watoto na kelele za wanasiasa. Viti vya plastiki vilirundikwa pembeni mpaka karibu na dari, ubaoni yalikuwa yamebaki majina ya kamati ya mazishi ya mtu nisiyemjua, na mvuke wa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kutoka kibanda cha nyuma uliingia kupitia madirisha yaliyokosa vioo. Hata leo nikipita mahali panapopigwa nta ya aina ile, huharakisha hatua. Ndani ya harufu hiyo mama yangu amesimama, ameshika bomba la chuma, amezungukwa na watoto wa miaka saba, nami nimekaa kwenye kizingiti nikiomba asionekane na mtu.

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa pekee, jina langu Nafula, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita mama yangu Mama Nafula. Alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilikuwa chini ya ghorofa tulimoishi, na humo alikaa juu ya kigoda tangu asubuhi hadi jioni, miguu ikikanyaga cherehani, chai ya maziwa kando, chapati kando ya chai. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka orofa ya tatu. Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo siku sita kwa wiki, na ungedhani maneno nayo yalikuwa yakikatwa kwenye mshahara wake, kwa jinsi alivyoyabana. Sisi tulikaa orofa ya nne, na ngazi hizo ndizo zilizonifunza wasiwasi. Mama alipanda akipumzika kila kituo, mkono mmoja ukutani na mwingine kifuani, na mimi nilipanda nyuma yake ili akianguka nimdake. Mtoto mwembamba kama mimi angemdakaje mtu kama yule, hilo sikujiuliza.

Wasiwasi wangu haukuwa wa bure. Mama mkubwa, dada yake mama aliyeishi Kware, alikuwa ameanguka siku moja akianika nguo na hakusema neno tena mpaka tulipomsafirisha kwenda kumzika magharibi, nyumbani kwao. Watu wazima walinong'ona kwamba ni presha. Miezi michache baadaye nilimsindikiza mama kliniki, daktari akamfunga mkanda mkononi, akaujaza hewa, akautazama mshale wa kipimo, akaujaza tena kana kwamba hakuyaamini macho yake. Mwaka ule nilijua neno presha kuliko mtoto yeyote wa darasa langu. Daktari alimpa vidonge na akamwambia apunguze chumvi na afanye mazoezi, kwa sababu mtu anayekaa kitako siku nzima damu yake huzoea uvivu. Mama akaamua kukimbia. Alikimbia asubuhi mbili tu. Asubuhi ya pili, vijana wa kuosha magari walimwona akija na leso yake kiunoni na mmoja akamuuliza, "Mathe, niaje, kwani unafukuzwa na nani?" Mama alicheka nao, kwa sababu hakujua kuwanyima watu kicheko, lakini asubuhi ya tatu hakuamka.

Baleti ilimjia kupitia cherehani. Mwalimu Achieng alikuwa msichana wa mtaa wa Umoja, mwembamba, mwenye shingo ndefu, aliyefundishwa dansi hiyo tangu utotoni na wafadhili fulani na sasa alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa Jumamosi. Alileta kibandani furushi la kitambaa cha wavu, akataka vijisketi ishirini. Mama alikwenda ukumbini na futi yake shingoni kuwapima watoto viuno, akaketi kungoja zamu yao iishe, na alichokiona kikamkaa moyoni. Alirudi akisema kwamba wale watoto hawakimbii, hawaruki ovyo, wanasimama mahali pamoja tu na wanatoka jasho kama walima shamba. Walipoafikiana kuhusu kazi ile, Achieng alimwambia, "Mama Nafula, si ukuje tu ujaribu? Utanishonea, mimi nitakufundisha. Hapo ndani hakuna mtu anakuangalia." Mama alimuuliza baba usiku huo nini maoni yake. Baba alimaliza ugali wake, akanawa, akasema, "Miguu ni yako."

Kwamba hakuna mtu wa kuangalia, huo ulikuwa uongo wa kwanza katika habari hii, ingawa Achieng hakuukusudia. Madirisha ya ukumbi yalitazama njia ya sokoni. Jumamosi ya kwanza nilimbebea mama mfuko, tukaingia, naye akavua leso. Ndani alikuwa amevaa fulana ya baba na taiti nyeusi aliyoikata nchani ili vidole vya miguu vitoke, kwa kuwa viatu vya baleti vya kumtosha havikupatikana popote. Sikuwahi kuona umbo la miguu ya mama yangu mchana kweupe. Alijipanga kwenye lile bomba, lililolazwa juu ya migongo ya viti na kufungwa kwa kamba, kati ya vitoto vilivyomfika kiunoni. Achieng akawafundisha kugeuza nyayo nje, visigino vigusane, kisha kukunja magoti polepole huku mgongo ukibaki wima. "Hii ni kama kukalia choo cha shimo usichokiamini," mama alisema, na watoto wakacheka mpaka bomba likatikisika. Nje ya dirisha wanawake wawili waliotoka sokoni walisimama na vikapu vyao. Mmoja alisema samaki mkunje angali mbichi, mwenzake akajibu kwamba huyu ameshakauka na akikunjwa atavunjika. Niliyasikia yote. Mama naye aliyasikia, nadhani, kwa maana aliwapungia mkono. Mimi niliinamisha kichwa katikati ya magoti na sikukiinua mpaka saa tisa.

Laiti angekuwa anaboronga na kukata tamaa, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini mama aliipenda baleti kama mtoto anavyopenda mvua. Kibandani alishona akiwa amesimama nusu saa kila asubuhi, visigino vimegusana, na wateja wakadhani mgongo unamuuma. Alipokuwa akikoroga uji alishika ukingo wa sinki na kuinuka juu ya vidole, akishuka polepole, midomo ikihesabu. Chapati za saa nne alizipunguza kwa hiari yake mwenyewe. Wiki ya nne aliruka kituo kimoja cha kupumzikia ngazini. Wiki ya sita aliruka vituo viwili. Kliniki mshale ukaanza kushuka, kidogo tu, na daktari akamuuliza anakula nini, naye akamjibu kwamba hali kitu kipya, anakunja magoti. Achieng hakumruhusu kuruka juu kama wale watoto. Alimwambia atamruhusu siku atakapoleta karatasi ya kliniki yenye namba nzuri. Basi mama akaishi akiingojea siku hiyo.

Na mimi nikawa na hofu mbili badala ya moja. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani, kwamba ataanguka kama mama mkubwa, na sasa ataangukia pale sakafuni mbele ya watu, akiwa na taiti. Ya pili niliiona kubwa zaidi, Mungu anisamehe, nayo ilikuwa kwamba watu wa kanisani watajua. Wanawake wa kanisa letu walikutana Jumamosi alasiri, saa zilezile za baleti, kwa nyimbo, Neno na chai. Mama alikuwa hajaonekana hapo kwa majuma mengi. Hakuwa amejificha. Aliniambia waziwazi, "Mtu akikuuliza, mwambie niko mazoezi. Sijaiba cha mtu." Lakini mimi niliyekuwa nikikaa kwenye kizingiti nilijua jinsi wale wa sokoni walivyocheka, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna mtoto wa Sunday school atakayenicheka hivyo. Nikaacha kumbebea mfuko. Nilisema nina hesabu nyingi za kufanya.

Jumatano moja nilitumwa vitunguu. Kwenye meza ya mboga nikakutana ana kwa ana na Mama Wanjiru, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, mpole kupita kiasi, ambaye alinishika kidevu kila aliponiona. "Nafula, mamako amepotea," alisema. "Hatumwoni Jumamosi. Ako wapi siku hizi?" Neno mazoezi lilikuwa hapo ulimini. Angeniuliza mazoezi gani, wapi, na nani, na ingebidi nitamke yale mengine yote. Nikasema, "Anaenda hospitali." Uso wake ulibadilika, mkono ukatoka kidevuni ukaja begani. "Ya nini, mami?" Nikasema ni moyo. Nikasema kila Jumamosi wanamfunga mkanda. Alipoendelea kunitazama, nikaongeza kwamba labda atakufa, na hapo nikaanza kulia machozi ya kweli. Watu husema mwongo hana machozi. Mimi nilikuwa nayo, kwa sababu hofu niliyoitumia kujengea uongo wangu ilikuwa hofu yangu mwenyewe ya kila siku.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kwa sababu ya upumbavu ambao mtoto wa nyumba nyingine angekuwa na udhuru nao. Mimi nililelewa ndani ya kanisa lile. Nilijua fika kwamba kwetu mtu haugui peke yake. Mtu akilazwa, au hata akisikika tu kwamba analazwa, kamati ya wagonjwa hukusanyika, kila mwanamke hubeba alichonacho, sukari, unga, maziwa, sabuni, na wote huja kwa pamoja wakiimba tangu chini ya ngazi ili majirani wajue kwamba nyumba hii ina watu. Nilishawahi kuandamana nao mwenyewe, nikabeba mkate. Lakini kuanzia Jumatano hadi Jumamosi sikukumbuka hilo hata mara moja. Nilichokumbuka ni msichana mmoja wa darasa letu la Jumapili aliyeshikwa na uongo, akaitwa mbele, akaombewa roho ya uongo imtoke, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Nikala chakula bila kuonja ladha. Mama alinishika paji la uso mara mbili kuona kama nina homa.

Jumamosi mama aliondoka saa saba kasorobo, amekunja karatasi ya kliniki ndani ya mfuko wake. Saa nane nilisikia nyimbo. Nilidhani ni jirani. Zilipanda orofa ya kwanza, zikapanda ya pili, na zilipopita ya tatu nilikuwa tayari nimesimama katikati ya nyumba, kalamu mkononi. Waliingia wanawake kumi na mmoja. Walirundika unga mezani, sukari juu ya unga, na mmoja alileta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, maana mgonjwa haulizwi uji. Walipoona mama hayupo hawakushangaa. Walijua yuko hospitali, si nilikuwa nimesema? Mama Wanjiru aliamua kwamba watamsubiri, akaketi kwenye kochi, akanivuta kando yake na kuushika mkono wangu katika mikono yake mikubwa. Nilitaka kusema naenda msalani nikimbilie ukumbini kumwonya. Kila nilipojivuta, alinikaza na kusema, "Pole mami, hauko peke yako." Waliomba. Waliniombea mimi, yatima wa kesho, mpaka wengine wakatokwa na machozi, na mimi niliomba dua yangu tofauti, kwamba mama achelewe, akae huko huko mpaka wachoke.

Hakuchelewa. Nilimsikia tangu chini akipanda, na sikuwahi kusikia hatua zake zikija hivyo. Hazikusimama kituo cha kwanza. Hazikusimama cha pili, wala cha tatu. Mlango ukafunguka na mama akaingia akihema, uso unang'aa jasho, leso imelegea, macho yake yakiwa ya mtu aliyebeba habari njema ambayo ameishika mdomoni njia nzima. "Nafula, njoo nikwambie," alianza. Kisha akawaona. "Bwana asifiwe," wakasema wote. Mama Wanjiru akasimama kumpokea. "Oneni jasho, wamemmaliza huko hospitali. Mama Nafula, kwa nini ulitunyamazia na sisi tuko? Mtoto ametuambia yote. Ametuambia ni moyo."

Mama alinitazama. Fundi wa nguo akikutazama anakupima, hata kama hataki, na nilihisi nimepimwa tangu utosini hadi nyayo. Kila kitu kilikuwa mkononi mwake. Angecheka tu, kile kicheko chake cha orofa tatu, aseme hospitali gani, mimi nimetoka kucheza baleti, na pengine nusu yao wangecheka naye. Macho yake yalipotoka kwangu, alikaa polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango na kuweka mkono kifuani, mahali alipokuwa akiuweka zamani ngazini. "Ni kweli," alisema. "Ni moyo." Basi wakamzunguka. Wakamwekea mikono kichwani na mabegani, na mmoja akapiga magoti kumvua viatu ili ampake miguu mafuta. Akaikuta ile taiti iliyokatwa nchani. Aliigusa kwa heshima, akawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba hizi ndizo soksi za hospitali za kubana mishipa, alimwona nazo shemeji yake. Wote wakaitikia kwa huzuni. Mama alikuwa amefumba macho, na machozi yalimtoka, nami nikaamini wakati huo kwamba anaigiza vizuri.

Walipoondoka nilingoja kipigo. Nilikistahili na nilikuwa tayari kukipokea, nadhani ningelala vizuri zaidi kama kingekuja. Mama aliutazama ule mlima wa sukari mezani, akasema, "Osha vikombe," akaingia chumbani kubadilisha nguo. Wiki nzima hakulitaja jambo lile. Siku ya Jumanne nilipita mlangoni pa kibanda nikamsikia akimsimulia baba, ambaye alikuwa ameshuka kuchukua suruali yake, kwamba Jumamosi ile Achieng aliisoma karatasi ya kliniki na kumruhusu kuruka. Aliruka mara nane, alisema, na mara ya nane nyayo zake zilitua bila sauti. Habari hiyo ndiyo aliyokuwa akinikimbizia ngazini. Baba alimuuliza kama angerudi Jumamosi inayofuata. Mama alisema nguo za watu zimemlemea.

Ukweli ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa na desturi ileile iliyotuletea sukari. Aliyeombewa hutoa ushuhuda. Majuma matatu baadaye aliitwa mbele ya kanisa, akasimama na nguo yake ya bluu, na kila mtu aliona jinsi alivyopungua na jinsi uso wake ulivyonawiri. Alisema alikuwa mgonjwa, na sasa mshale umeshuka, na anamshukuru Mungu. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake, ila baleti haikutajwa. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama Wanjiru akamkumbatia na kumwambia kwa furaha kwamba sasa Jumamosi zake ziko huru. Aliyepona atakwenda hospitali kufanya nini? Basi akarudi kwenye benchi, kwenye chai na maandazi, kwa muda wa saa tatu kila Jumamosi. Alivimalizia vijisketi vyote ishirini na kunituma kuvipeleka. Achieng aliniuliza kama mama hajambo. Nilimwambia hajambo, na safari hiyo lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Mwili ulirudi ulikotoka, si kwa siku moja. Kituo cha tatu cha ngazi kilirudi kwanza, kisha cha pili. Kigoda kilimchukua tena tangu asubuhi hadi jioni. Mara moja moja nilimkuta ameshika ukingo wa sinki, na aliponiona aliuachia na kuchukua sufuria. Nilikuwa kidato cha kwanza alipoangukia cherehani akiwa anashona sare ya shule ya mtoto wa mtu. Hakufa. Mdomo ulipinda upande, mkono wa kushoto ukalala, na mguu wa kushoto tangu siku hiyo huburutwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilikuwa nimemwambia Mama Wanjiru kwamba ni moyo, kwamba labda atakufa, na ikawa ni kama nilituma ujumbe uliochukua miaka kufika. Daktari alinieleza baadaye kwamba presha ina sababu nyingi, kwamba iko katika ukoo, kwamba kukunja magoti kila Jumamosi pengine kusingeizuia. Ninayajua hayo. Kuyajua hakujanisaidia. Na nikitaka kumlaumu mtu mwingine siwezi, kwa maana wanawake walewale ndio waliotulisha miezi minne, wakifua nguo za mama kwa zamu, Mama Wanjiru akija hata siku ambazo hazikuwa zake.

Siku hizi naishi Lucky Summer na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mama na baba wamebaki Mowlem, ila wamehamia chini, nyumba isiyo na ngazi. Kila Jumamosi nikienda kuwaona, napishana na wanawake wa umri wa mama wa wakati ule, wanene kwa wembamba, wakitembea mbio barabarani na taiti za rangi za kung'aa, na hakuna kijana anayewauliza wanafukuzwa na nani. Wakati mwingine vijana hao hukimbia nao. Ukumbi umetiwa vigae na nta haihitajiki tena. Mlangoni kuna karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba kuna baleti ya watu wazima wasiojua kitu, waje walivyo. Hata akina mama wa kanisa letu hufungua mkutano wao kwa nusu saa ya mazoezi na muziki, na Mama Wanjiru, mzee sasa na fimbo yake, hukaa mbele akiwapigia makofi na kuwakemea wavivu. Alichokifanya mama yangu kwa kujibana kati ya watoto sasa kinatangazwa ibadani. Hakuwa amekosea njia, alitangulia tu, na aliyetangulia alihitaji mtu mmoja wa kusimama naye. Mtu huyo angekuwa mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa nampima presha, kama nifanyavyo kila nikienda. Baba alikuwa nje na redio yake. Sijui ni nini kilichonipa ujasiri baada ya miaka yote ile. Nilimwambia, mama, siku ile walipokuja na sukari ungewaambia ukweli tu, kwamba hukuwa mgonjwa. Wangenisema mimi, wangeniombea, ingepita. Usingeacha. Tangu augue maneno yake huja moja moja, na inabidi umngoje. Nilimngoja. Nilidhani atasema alitaka kuniokoa na lile jina la mwongo, na nilikuwa nimejiandaa kumshukuru.

"Ukweli gani, Nafula?" alisema. "Niwaambie mtoto wangu ananionea haya?"

Mkanda ulikuwa bado umembana mkononi. Nilifungua kinywa kumwambia hapana, haikuwa hivyo, nilikuwa mtoto, nilikuwa naogopa tu usife. Alikuwa akinitazama, akingoja kama nilivyomngoja yeye. Nikauinamia mkanda, nikaanza kuulegeza.